Mchumba wa Malawi

Siku Ottilia alipommwagia Egidi usipa, soko la Mbinga lilinyamaza, hata majogoo waliofungwa miguu wakainua shingo kutazama. Beseni lilimponyoka kichwani na usipa mkavu, dagaa wale wa Nyasa, ukaruka kama uliokumbuka ziwa, ukatua kwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi nzi wanateleza.

"Jamani kaka, samahani! Ngoja nikupanguse."

"Usinipanguse, dada. Nipimie uliobaki. Huu wa shatini nishaupata bure."

Ottilia akacheka mpaka kilemba chake cha njano kikalegea. Kahawa ilipoiva mwaka ule, kuanzia Mbuji, kwao Egidi mlimani, hadi Lituhi, kwao Ottilia ziwani, hapakuwa na mtu asiyejua kuwa Egidi, karani wa kahawa, anakula usipa asubuhi, mchana na jioni, na bado anakonda.

Zawadi ya uchumba ambayo Egidi alimpa ilikuwa duka, pale Lituhi. Kitambulisho cha taifa cha Ottilia kilikuwa hakijatoka, kwa hiyo Egidi akalisajili kwa jina lake mwenyewe, hata namba ya mlipakodi ikawa yake. Mama yake Ottilia alipougua, Ottilia akatia kufuli mlangoni, akaenda kuuguza. Akaamini biashara imefungwa. Ofisi ya kodi, ambayo hakuna aliyeiambia, iliamini ipo, na kila mwaka ikalikadiria duka lile kodi. Siku watu wa kodi walipokuja Lituhi kudai, Ottilia alipokea karatasi ya deni, akaificha kangani. Hakumwambia Egidi. Alipanga kulipa kimyakimya.

Kisha Egidi akapiga simu, sauti imechangamka.

"Otti wangu, kuna neema inakuja. Nimeambiwa nifunge mdomo."

"Hata mimi hunidokezi, baba?"

"Hata wewe, mama usipa. Andaa gauni tu."

Wiki ile akatokea Lituhi mtu aliyevaa koti kwenye joto la kukaangia samaki. Alinunua usipa bila kuomba nyongeza, na hapo Ottilia akashtuka.

"Egidi wa Mbuji unamfahamu?"

Kule mgeni asiyejitambulisha akimuulizia mtu, kijiji kizima huwa kipofu, ndivyo walivyolelewa. Ottilia akaona kodi imevaa koti.

"Simjui."

"Tumesikia ni mchumba wako."

"Mchumba wangu yuko Malawi!" akasema, akanyoosha kidole ng'ambo ya ziwa.

Akajisifu moyoni kwamba amemwokoa Egidi. Simu ilipoita, Egidi hakumwita Otti.

"Ottilia. Huyo wa Malawi ni nani?"

"Umejuaje?"

"Niliomba kazi masijala ya siri ya serikali, Songea. Yule aliyekuuliza alikuwa mpekuzi wao wa kuchunguza waombaji. Nilikuandika wewe mchumba wangu, nawe umenikana!"

"Egidi, nilidhani ni mtu wa kodi!"

"Kodi gani?"

Ottilia akaeleza huku analia: duka, kufuli, makadirio, faini juu ya faini.

"Nimewaambia kwa mdomo wangu sidaiwi na serikali," Egidi akasema taratibu. "Mtu mwenye deni la kuficha hawampi funguo za siri, Ottilia. Wanaona atanunulika. Sasa mimi ni mdaiwa, tena mwongo, tena sina mchumba."

Akakata. Kuanzia hapo kila alipopigiwa, simu iliita hadi ikachoka. Ottilia akaacha kula. Akauza friji la dukani, akaenda kwa watu wa kodi Mbinga, akaomba alipe kidogokidogo, wakakubali. Kisha akapanda basi hadi Songea, akakaa kwenye benchi la ofisi ile ya masijala, amevaa kitenge chake cha kanisani, mpaka lile koti likapita.

"Shikamoo baba. Mimi ndiye wa Malawi."

Mpekuzi akasimama, akasikiliza mpaka mwisho.

"Binti, watu wanadaiwa kodi na wanalipa. Lingesemwa mapema lisingekuwa kitu. Lililofichwa ndilo linatutia shaka."

"Basi shaka iwe juu yangu. Yeye hakujua lolote. Nakuomba, baba."

"Nitaandika hivyo. Ila nafasi si yangu kugawa."

Mvua zilipokaribia kwisha, Ottilia alipanda mlima wa Mbuji na jembe begani. Katika mashamba ya ngolo mwanamume hukata majani na kuyalaza miraba miraba, mwanamke huyafukia kwa udongo, ndipo mashimo ya kunasa maji ya mvua yapatikane. Majirani wote walikwisha kufukia. Majani ya Egidi yalikuwa yamekauka wazi mlimani, kijiji kizima kinaona kuwa hana wa kuyafukia.

Hakusalimia. Akaanza kufukia.

"Nani amekuita?" Egidi akauliza.

"Majani yanakauka."

"Kazi wamempa mwingine."

"Nimesikia." Akavuta udongo juu ya majani. "Hawajakufungia mlango?"

"Wamesema deni likiisha niombe tena."

"Litaisha. Nimeshaanza kulipa."

Ottilia akaendelea kufukia, machozi yakidondokea udongo. Mama Gertruda, jirani, akapita njia ya juu na mtungi wa maji.

"Egidi! Ni nani huyo anayekufukia majani?"

Egidi akamtazama Ottilia.

"Simjui," akasema.

Jembe likamdondoka Ottilia.

"Ila nasikia," Egidi akaendelea, akikunja uso ili asicheke, "mchumba wake yuko Malawi."

Bonge la udongo likampata kifuani, likabaki limeng'ang'ania shati jeupe. Egidi hakulipangusa. Akakata majani mengine, akayalaza mbele ya miguu ya Ottilia.