Matone Yaliyotiwa kwa Kalamu

Nyumbani kwa akina Sekunde, asubuhi haikutangazwa na jogoo bali na saa za ukutani. Ya sebuleni iligonga kwanza, ya ukumbini ikafuata, kisha ile kubwa iliyoletwa kutengenezwa ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Babu yake alikuwa fundi saa, na nusu ya sebule ilikuwa karakana yake. Palikuwa na meza yenye droo nyingi, taa ya shingo ndefu, na visahani vilivyojaa skrubu ndogo kuliko punje za mchele.

Hata jina la Sekunde alipewa na babu huyo. "Huyu mtoto hatulii," alisema zamani, mjukuu wake alipokuwa akijifunza kutembea. "Dakika ina subira kidogo, lakini huyu ni sekunde tupu!" Jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata walimu wake walijisahau wakamwita hivyo.

Likizo hiyo karakana ilikuwa kimya. Babu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika jicho la kulia, lile alilotumia kutazamia vyuma vidogo vya saa. La kushoto lilikuwa na ukungu wa miaka mingi. Daktari wa macho alimpa chupa ya dawa ya matone, atiwe mara nne kwa siku bila kukosa. Alimpa pia karatasi yenye vyumba vidogo, na kila dawa ikitiwa, chumba kimoja kiwekwe alama ya vema.

Mama yake Sekunde alifanya kazi kwenye tanuri la mikate. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni, unga ukiwa bado kwenye nyusi.

"Dawa ya usiku nitamtia mimi," alisema. "Ya asubuhi, ya mchana na ya saa kumi ni zako. Umekuwa mkubwa sasa. Jicho la babu yako limo mikononi mwako, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Siku nne za kwanza Sekunde alifanya kazi hiyo vizuri. Alinawa mikono kwa sabuni, akavuta kope la chini taratibu, akadondosha tone moja, akasema, "Funga, Babu." Babu alikunja uso na kunung'unika, "Dawa hii inawasha kama maneno ya marehemu bibi yako aliponiambia ukweli!" Wote wawili wakacheka, na alama ya vema ikawekwa.

Siku ya tano kulikuwa na mazoezi ya kuruka kamba uwanjani nyuma ya kanisa. Wasichana wa mtaa wao walikuwa wakijiandaa kushindana na wa mtaa wa pili. Sekunde aliporuka, kamba haikuonekana ila vumbi. "Ukiondoka katikati, nafasi yako tunampa mwingine," kiongozi wao alimwonya. Saa kumi ikapita. Alipokumbuka, jua lilikuwa linazama.

Alikimbia nyumbani. Babu alikuwa amesinzia kitini. Chumba cha saa kumi kwenye karatasi kilikuwa wazi, na mama alikuwa karibu kufika. Sekunde alitazama chupa, akatazama kalamu. Akachukua kalamu.

Alama hiyo ya uongo ilimtoa jasho. Ya pili, kesho yake, ilimtoa jasho kidogo. Ya tatu aliiweka huku akitafuna mkate.

"Leo mchana hukunitia dawa, au nimesahau?" Babu alimuuliza siku moja.

"Nilikutia ukiwa usingizini, Babu. Hukusikia?"

Babu akacheka hadi mabega yakatikisika. "Basi nimeshakuwa gogo! Asante, mjukuu wangu."

Cheko lile lilimchoma Sekunde. Lakini mashindano yalikuwa yamekaribia.

Siku ya kumi jicho la Babu liliamka jekundu kama nyanya. Alilifunika kwa kiganja na kusema linapwita. Jumapili iliyofuata, mwalimu wa shule ya Jumapili aliwafundisha watoto habari za toba. Aliwaambia kwamba Mungu hamfukuzi mtu anayerudi kwake, hata awe amekwenda mbali kiasi gani. Sekunde alisikia maneno yale kama yametumwa kwake peke yake. Wenzake walipotoka, alipiga magoti kati ya viti akalia mpaka kola ya gauni ikalowa. "Mungu, nisamehe," alirudia mara nyingi. Alitoka akijihisi mwepesi. Tangu siku hiyo hakukosa tone hata moja, akadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jumatano walipompeleka Babu kliniki, daktari alimwinamisha kwenye mashine ya kupimia macho akatazama kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa, hakuwa akitabasamu.

"Mzee, jicho limevimba ndani. Dawa mmekuwa mkitia?"

Mama alifungua mkoba haraka na kutoa karatasi. "Hii hapa, Daktari. Haijakosa hata mara moja."

Daktari aliifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. "Kweli, imejaa yote." Alimgeukia Sekunde. "Wewe ndiye nesi wa nyumbani? Hongera, mwanangu."

Sekunde alitazama viatu vyake.

"Sasa sikilizeni," daktari aliendelea. "Kama mgonjwa amepata dawa yote na hali ni hii, basi dawa hii imeshindwa. Siwezi kungoja. Nitawaandikia barua mwende hospitali kuu kesho, jicho lifunguliwe tena. Sitawaficha, kulifungua jicho lililovimba ni hatari. Lakini kwa jinsi karatasi inavyosema, sioni njia nyingine."

Sekunde alifumbua mdomo. Akaufumba tena. Kalamu ya daktari ilikimbia juu ya barua, muhuri ukapigwa, na wakatoka.

Walipofika langoni, Babu alisimama. "Sekunde uko wapi? Nipe mkono." Akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, ile iliyozoea kushika vitu vidogo bila kuvivunja. "Hata jicho hili likizimika, mimi namshukuru Mungu. Wapo wazee wenye wajukuu kumi na hawana wa kuwapa maji ya kunywa. Mimi nina mmoja tu, na hakuchoka kunihangaikia."

Hapo moyo wa Sekunde ulishindwa kubeba.

"Babu, usinishukuru." Sauti yake ilitoka nyembamba. "Sikukutia."

"Hukunitia nini?"

"Dawa. Siku zile za mazoezi, ya mchana na ya saa kumi. Nilikwenda kuruka kamba. Nilikuwa naweka vema tu. Wala hukulala usingizi wa gogo, Babu. Nilikudanganya."

Mama alimgeukia, barua ikiwa mkononi. "We mtoto! Unajua unachosema? Unajua ulichofanya?" Aliinua mkono, watu waliopita wakageuka kutazama.

"Ngoja, binti yangu," Babu alisema taratibu. Uso wake ulikuwa umebadilika, wala hakutabasamu. "Ya nyumbani tutayazungumza nyumbani. Kwanza turudi ndani."

Lakini Sekunde alikuwa ameshatangulia. Alipita mbele ya benchi la wagonjwa, akagonga mlango na kuingia huku akihema. "Shikamoo, Daktari. Karatasi ile inasema uongo. Mwongo ni mimi."

Daktari alimtazama, kisha akaiweka mezani karatasi iliyobaki kwake na kumpa kalamu. "Nionyeshe."

Kimoja baada ya kingine, Sekunde alikata kwa alama ya kosa kila chumba alichokijaza bila kutia dawa. Vilikuwa tisa. Mama na Babu waliingia akimalizia cha mwisho.

"Umeona?" daktari akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilimwogopesha Sekunde zaidi. "Kesho jicho la babu yako lingechanwa kwa sababu ya alama tisa. Dawa haikushindwa. Haikutiwa." Akaichukua barua kwa mama, akaipasua vipande viwili. "Tutaanza upya. Kila saa tone moja, tangu anapoamka mpaka anapolala. Mniletee Jumamosi. Siwaahidi kitu, lakini kusema kwako leo kumetupa nafasi ambayo kesho tusingekuwa nayo."

Walipofika nyumbani, mama aliiweka chupa juu kabisa ya kabati.

"Nitamwomba jirani awe anakuja," alisema. "Kumrudishia huyu dawa ni kumpa fisi ulinzi wa bucha."

"Teremsha chupa," Babu akasema. "Atakayenitia ni yeye."

"Baba! Hata baada ya haya yote?"

"Hata sasa. Fisi hajirudishi mwenyewe buchani kukiri mfupa alioiba."

Mama alisita, mwishowe akaiteremsha, akaingia jikoni. Sekunde akabaki amesimama mbele ya kiti cha Babu.

"Babu, mimi nilitubu tangu Jumapili. Nililia sana kanisani. Nilidhani Mungu amenisamehe. Mbona mambo yamezidi kuharibika?"

Babu aligeuza uso kumwelekea. "Jumapili ulijuta, mjukuu wangu, na kujuta ni kuzuri. Lakini mtu aliyeshika njia ya kupotea anaweza kulia njia nzima, na bado akapotea. Toba ni kugeuka. Uliacha kukosa matone, hapo uligeuka nusu. Uongo wako ulibaki kwenye karatasi, ukaendelea kufanya kazi. Leo pale langoni ndipo ulipogeuka mzima."

"Na Mungu?"

"Mungu alikuwa anakungoja hata kabla ya chozi la kwanza. Msamaha wake haununuliwi kwa kulia, wala kwa kutia dawa vizuri. Ni zawadi, ndiyo maana Yesu alikuja. Ila mtu aliyeipokea zawadi hiyo haendelei kuificha karatasi ya uongo mkobani. Anataka kutengeneza alichoharibu."

Sekunde akauliza tena. "Na wewe, Babu, umenisamehe?"

"Nimekasirika," Babu alisema. "Jicho linaniuma na hasira inaniuma. Lakini nimekusamehe. Hivyo viwili vinaweza kulala chumba kimoja siku mbili tatu. Haya, saa imefika. Nawa mikono."

Kuanzia hapo, kila saa ilipogonga, Sekunde alikuwa ameshasimama karibu na kiti. Kiongozi wa timu alipokuja kumwita, alimwambia mlangoni, "Nafasi yangu mpeni mwingine. Nilimwacha Babu bila dawa kwa ajili ya kamba, sasa jicho lake linaumwa." Yule msichana alikodoa macho, kisha akaondoka polepole.

Mama ndiye aliyechelewa kulainika. Jioni ya Jumatano na ya Alhamisi alikagua karatasi kama hakimu, akamuuliza Babu, "Kweli amekutia?" Sekunde hakununa. Alijua imani iliyomwagika haizoleki kwa siku moja. Ijumaa mama aliporudi, hakuiomba karatasi. Alitoa kwenye mkoba mkate mdogo uliokuwa bado na joto, akauweka mbele ya Sekunde na kumpapasa kichwa. Sekunde aliula huku machozi yakimtoka, na mkate ule ulikuwa mtamu kuliko yote aliyowahi kula.

Jumamosi uvimbe ulikuwa umeanza kupungua. Wiki tatu baadaye, daktari alimweka Babu mbele ya ubao wa herufi. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka ule uliokaribia wa mwisho.

"Mungu ni mwema," daktari akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Jicho limepona. Ukungu kidogo utabaki pembeni, Mzee. Saa ndogo za mkononi zitakusumbua. Za ukutani utatengeneza bila shida."

Sekunde aliinamisha kichwa. Ukungu ule aliujua ulikotoka.

"Inua uso," Babu akamwambia. "Nilikuwa naelekea kwenye giza, leo naona vidole vyangu vyote kumi, na hata unga kwenye nyusi za mama yako. Kwa nini nisishukuru?"

Jumapili hiyo walikaa watatu kwenye benchi moja kanisani. Wakati wa maombi, Sekunde hakujificha kati ya viti. Alisema polepole, "Asante, Mungu, kwa jicho la Babu. Asante kwa daktari. Asante kwa kuningoja."

Walipotoka nje, mama alimshika bega.

"Mwanangu, siku ile langoni nilitaka kukupiga," alisema. "Nilikuwa naona jicho la baba yangu tu, sikuona ilivyokuwa vigumu kwako kusema. Nisamehe nami. Na ushike neno hili maisha yako yote. Kila mtu hukosea, na Mungu hamchoki anayerudi. Ukikosa, usiishie kulia. Geuka, useme kweli, utengeneze kinachotengenezeka. Hiyo ndiyo toba, na mlango wake haufungwi kwa mtu yeyote."