Wimbo wa Sabuni za Zaverchand

Udi ulinukia dukani kwa Zaverchand, na hakuna aliyefukiza.

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji biashara Kibiti ilikuwa imelala. Dukani nzi walikuwa wengi kuliko wateja. Ili auze sabuni zake, Zaverchand alileta taa ya picha. Alifunga milango mchana, akazungusha mpini, na mwanamke aliyechorwa kwenye kioo akaonekana juu ya shuka jeupe akifua nguo, mikono ikienda na kurudi. Watazamaji nao waliimba sifa za sabuni. Maneno alitunga mwenyewe Zaverchand. Mahadhi alipewa na Mshamu.

Mwantum, mke wa Mshamu, aliimba ubeti mzima kabla hajatambua, kisha mwili ukamsisimka. Yalikuwa mahadhi ya jini lake! Mganga Semeni alilituliza jini lile kwa sharti: wimbo wake uimbwe kilingeni tu, kwa udi. Likiitwa ovyo, litaiua mimba aliyo nayo Mwantum. Siri hiyo waliijua mganga, yeye na mumewe tu.

"Mume wangu," alinong'ona, "umempa wimbo wangu?"

"Shii! Kanipa gora la kaniki. Vita hivi, nguo ungeipata wapi?"

"Mbona mie sijaiona?"

Mshamu akatazama pembeni. Mbele yao Mwanamina, mjane wa jirani, alikuwa ndani ya kaniki mpya, akiimba kuliko wote.

Zaverchand aliuachia mpini apanguse jasho, lakini mwanamke wa shukani hakuacha kufua, akafua na kufua huku udi ukizidi kuwakaba watu, na wimbo ukawafia midomoni mmoja mmoja, hata ikabaki sauti moja nzito iliyotoka kinywani mwa Mwantum na haikuwa yake, ikauliza polepole:

"Nani kaniita?"

Mshamu alijua la kufanya. Semeni alikwisha waambia: aliyeutoa wimbo nje akikiri kuwa ndiye aliyeita, adhabu humwangukia yeye, mimba ikasalimika. Mwanamume mzima, akanyoosha kidole kwa mkewe.

"Huyu! Huyu ndiye aliyekuita!"

Kule shukani mwanamke akageuka. Mikononi hakuwa na nguo tena. Alikuwa anaosha kichanga.

Mwantum akashika tumbo, akangoja mtoto acheze. Hakucheza. Alipomtazama mumewe, sauti yake ilikuwa imemrudia.

"Wimbo ningekusamehe, Mshamu," alisema. "Hata Mwanamina ningekusamehe."