Tangazo la Tatu

Soko la Morogoro lilikuwa limefurika mitumba Jumamosi ile. Prisca, gauni la bluu limemkaa vizuri kiunoni, alikuwa ameinama kwenye rundo la viatu akitafuta jozi nyeupe. Mguu mmoja ameupata, wa pili hauonekani, mara mkono wa kiume ukamletea. Aliinua macho, moyo ukampiga paa!

"Deo!"

"Mpenzi wangu. Umenawiri, mama."

Deogratias aliondoka miaka minne nyuma, kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, akaenda kuchimba madini Mererani. Sasa amerudi na jinzi mpya, saa inang'aa mkononi, na tabasamu lake lilelile la upande mmoja.

"Mpenzi wako nani?" Prisca alimkata. "Hata simu ya dukani kwa Mosi hukupiga!"

"Nilitaka nirudi na kitu cha maana. Viatu hivi vya nini?"

"Vya harusi. Naolewa na Wilfred. Kesho padri anatutangaza mara ya tatu."

Tabasamu likamtoka. "Haiwezekani! Baba yako si alipokea kishika uchumba changu?"

"Baba! Sisi Waluguru, Deo. Mwenye kauli ni mjomba, na mjomba yuko Mkuyuni. Hukumpelekea hata kilo ya sukari. Cha Wilfred ameshakipokea."

"Mimi mtu wa kuja, ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Basi kesho nitasimama kanisani. Padri akiuliza kizuizi, nitasema mbele ya watu wote."

Tangu hapo hofu haikumtoka Prisca. Akilini aliiona aibu ya mama yake. Alimwona Wilfred, mtu mpole wa watu, akitoka kanisani kichwa chini.

Jumapili ukungu wa Uluguru ulishuka hadi mjini. Kanisani Prisca alitetemeka mpaka Wilfred akanong'ona, "Una homa?"

"Baridi tu."

Padri alisoma majina yao, akauliza kama yupo mwenye kujua kizuizi. Prisca akageuka. Deo alikuwa amesimama mlangoni, shati jeupe, midomo imefunguka. Alimtazama Prisca. Akamtazama Wilfred, ambaye alikuwa akivua koti lake na kumfunika mchumba wake mabegani, hana habari. Deo akafumba mdomo, akatoka.

Padri akaendelea na matangazo ya wagonjwa. Machozi yakamlenga Prisca, na ndipo alipoijua hofu yake ya tangu jana: alikuwa akiogopa kwamba Deo atanyamaza.

Basi amenyamaza. Aliingiza mikono kwenye koti la Wilfred, akafunga vifungo vyote.