Macho Manne

Kila Jumamosi asubuhi, akishafua sare zake za shule na kuzianika, Kiherehere alikwenda studio kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, wala hakuonewa, maana msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa na tabia ya kujibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Alifuta vumbi kwenye lenzi kwa kitambaa laini, akachaji betri za kamera, na katikati ya hayo yote akauliza maswali yasiyo na idadi.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe na kuta mbili zilizojaa picha za harusi. Kushoto zilitundikwa picha za kupanga: watu wamesimama safu moja, mabega yamenyooka, wote wanatazama kamera. Kulia zilikuwa picha za kuvizia: maharusi wanacheka bila kujua kuwa wanapigwa picha, baba anajifuta chozi kwa tai, mtoto amelala chini ya meza na kiatu kimoja mguuni.

"Hizi za kushoto zimekauka kama mbao," Kiherehere alisema siku moja. "Za kulia ndizo picha."

"Nani kakwambia?" shangazi aliuliza bila kuinua uso. "Kila aina ina kazi yake. Na anayechagua ni mwenye harusi, si mimi wala wewe."

Shangazi alikuwa na utaratibu asioubadilisha kwa mtu yeyote. Picha ambazo wenye harusi wameziomba hasa, aliziandika daftarini kwa penseli. Akishapiga, aliikuza picha kwenye kioo cha kamera na kuhesabu macho. Watu wawili, macho manne. Watu watano, macho kumi. Likipungua jicho moja, kwa kuwa mtu amefumba au amezibwa, picha ilirudiwa. Yakitimia, ndipo alipoweka alama ya vema.

Kisha ikafika zamu ya dada yake Kiherehere kuolewa. Dada alipokuja studio kueleza anachotaka, alisema wazi, "Shangazi, mimi sitaki kupangwa kama vikombe kabatini. Tuvizieni tu. Ila nina ombi moja. Nataka bibi mkubwa na bibi mdogo wakae pamoja, watulie, watazame kamera. Hiyo nitaitundika sebuleni."

Bibi mkubwa alikuwa mama wa mama yao. Bibi mdogo alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, naye ndiye aliyemlea dada tangu alipokuwa mchanga hadi akaanza shule, wakati mama alipokuwa mgonjwa. Aliishi mbali, safari ya siku mbili. Wazee hao hawakuwa wameonana kwa miaka minane, na hapakuwa na picha hata moja inayowaonyesha pamoja.

"Bibi mdogo ataondoka na basi la saa tisa siku hiyohiyo," dada aliongeza. "La kwenda kwake hutoka mara moja tu kwa juma."

Shangazi aliandika, kisha akamkabidhi Kiherehere kamera ndogo pamoja na daftari. "Hii ya bibi zako utaipiga wewe. Nimekuamini." Kiherehere karibu aruke hadi darini.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa pomoni. Shangazi aliwaandama maharusi, na Kiherehere akawatafuta bibi zake. Aliwakuta kwenye meza ya pembeni, wameshikana mikono, wanacheka mpaka machozi kwa jambo walilolijua wao wenyewe. Akasita. Kuwakatiza? Kuwaambia wanyooke na kutulia? Mbona dada mwenyewe hapendi picha za kupanga! Akiiona hii atafurahi zaidi. Akabonyeza mara nne upesiupesi, akaweka alama ya vema daftarini, akakimbilia kwenye muziki. Macho hakuyahesabu.

Saa nane na nusu shangazi alimpita akiwa anabadilisha betri. "Ya bibi zako tayari?"

"Tayari."

"Umehesabu macho?"

"Nimehesabu," alijibu Kiherehere, kabla swali halijatua. Neno lilimtoka lenyewe, na mara likaanza kumsumbua. Alijificha nyuma ya pazia la jukwaa, akawasha kioo cha kamera. Picha ya kwanza, bibi mkubwa ameziba uso kwa kiganja. Ya pili, kiwiko cha mhudumu kimemfunika bibi mdogo. Ya tatu imetikisika. Ya nne ilikuwa na jicho moja tu, nalo limefumba.

Alikimbia hadi kwenye meza ya pembeni, akamkuta bibi mkubwa peke yake, anakunja leso yake taratibu.

"Bibi mdogo yuko wapi?"

"Ameshaenda stendi, mjukuu wangu. Hakutaka kumsumbua dada yako."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasorobo. Kiherehere alisimama na kamera mkononi. Angeweza kunyamaza. Ingepita wiki nzima kabla dada hajaziona picha, na yeye angeweza kusema kamera iliharibika. Lakini bibi mdogo angekuwa ameshafika kwake, na nani ajuaye kama wazee hao wangeonana tena? Aliogopa shangazi, akaogopa zaidi ule ukuta mtupu wa sebuleni kwa dada. Akapenya katikati ya wageni mpaka mbele, ambako shangazi alikuwa anasubiri keki ikatwe.

"Shangazi, nimekudanganya. Picha ya bibi haipo. Sikuhesabu macho. Na bibi mdogo ameshaondoka."

Alitaka kunong'ona, lakini sauti ilitoka kubwa. Wageni wa karibu waligeuka. Shangazi alishusha kamera na kumtazama. Dada alikuwa amesikia.

"Basi bado halijaondoka," dada alisema, akakiweka kisu cha keki chini. Alimgeukia bwana harusi. "Nisubiri. Keki haina miguu."

Walipanda gari la maharusi, bibi mkubwa mbele, shangazi, dada na Kiherehere nyuma, gauni jeupe limewafunika hadi puani. Taa nyekundu ya njia panda iliwazuia, na dereva akagongagonga usukani kwa vidole. Saa tisa kasoro dakika tano.

Stendi, basi lilikuwa tayari linanguruma. Watu walipisha njia walipoona gauni.

"Biharusi, unatoroka?" kondakta aliuliza, macho yamemtoka.

"Dakika tatu tu, kaka yangu, nakuomba!"

Bibi mdogo alishuka akishangaa, mfuko wake kifuani. Shangazi alinyoosha mkono kuelekea kamera ndogo, na Kiherehere akaitoa haraka ampe. Shangazi akaisukuma tena kwake. "Wewe ndiye uliyeweka alama. Piga."

Kiherehere aliishika kamera vizuri. "Bibi mkubwa, kaa hapa kwenye benchi. Bibi mdogo, sogea karibu. Karibu zaidi. Shikaneni mikono. Nitazameni mimi." Wazee walinyooka. Akapiga, akaikuza picha. "Moja, mbili, tatu... Bibi mdogo umefumba!"

Honi ya basi ililia. "Tunaondoka!" kondakta alipaza sauti.

"Bado moja! Tafadhali!" Akapiga tena, akahesabu kwa sauti, na abiria waliotoa vichwa madirishani wakahesabu naye. "Moja, mbili, tatu, nne!"

Stendi nzima ilishangilia. Wazee waliinuka, na bibi mkubwa akalilamba dole gumba lake, akamfuta mdogo wake vumbi shavuni kama mtoto wa chekechea. Kiherehere alikuwa bado ameshika kamera. Akabonyeza.

Garini, wakirudi ukumbini, alimwonyesha dada picha zote mbili. Dada aliangalia ile ya benchini, akaangua kilio cha furaha, kisha akaiangalia ya dole gumba na kucheka hukohuko kwenye machozi. "Zote nitazitundika," alisema, akamvuta mdogo wake kwapani. "Lakini leo ulinitia hofu, wewe!"

"Nisameheni," Kiherehere alisema. "Shangazi, nisamehe."

Shangazi alimgeukia. "Picha ya kuvizia inaonyesha jinsi watu walivyokuwa siku ile. Ya kupanga inamwonyesha mjukuu atakayezaliwa kesho kuwa hawa ndio bibi zake, na sura zao ndizo hizi. Usidharau kazi kwa sababu tu wewe huipendi. Hilo ni la kwanza. La pili, alama ya vema ni neno lako. Ukiiweka juu ya kitu ambacho hukukifanya, umesema uongo, hata kama hukufungua mdomo. Umenikasirisha sana leo. Lakini ulikuja kuniambia mwenyewe, mbele za watu, wakati bado tulikuwa na robo saa. Ungechelewa kidogo tu, tusingekuwa na cha kutundika."

Kiherehere alilifungua daftari mapajani. Aliifuta ile alama ya zamani kwa ufutio mpaka karatasi ikawa nyeupe. Akawasha kioo, akaikuza picha, akahesabu tena polepole, moja, mbili, tatu, nne. Ndipo alipochukua penseli.