Samadi ya Zizi la Mzee Sila

Jioni hiyo Violeth aliweka ugali mezani, akamtuma mumewe akamwite mtoto. Basi. Kazi ya dakika tano. Lameck akavaa ndala, akatoka nyumbani Ipagala, mjini Dodoma, kwa mguu kuelekea bustanini, kwenye uwazi ulio chini ya barabara ya juu. Huko Jenifa, binti yao wa pekee, mwenye miaka saba, alikuwa akicheza bembea tangu atoke shule.

Bustani hiyo Lameck aliiita yake, kwa maana ndiye aliyekuwa msimamizi, na mwanamume akipewa koleo na kofia hujiona ana shamba. Mwaka mmoja nyuma mahali pale palikuwa aibu tupu: vumbi, chupa, mikojo ya walevi, mbwa wasio na mwenyewe. Kampuni iliyopewa kazi ya kupageuza pawe pa kupumzikia watu ilipanda miche mara tatu, na mara tatu ikafa. Chini ya daraja mvua haifiki, na udongo wenyewe ulikuwa kifusi cha zege. Injinia Octavian, bosi wake, akamwambia bila kupepesa macho kwamba zikipita wiki mbili bila majani, atatafutwa msimamizi mwingine.

Hapo ndipo Lameck alipokumbuka zizi la babu yake, mzee Sila.

Lilikuwa njia ya Mpwapwa, halijaingia ng'ombe kwa miaka thelathini, samadi yake nyeusi na laini, inavunjika yenyewe mkononi. Shangazi yake Dorkasi, aliyebaki peke yake kwenye nyumba ya tembe ya mzee huyo, alikubali wachukue. Ila alimshika mkono. Akamkumbusha kwamba mzee Sila alizikwa zizini, amefungwa ngozi, karibu na mlango, kama walivyozikwa wenye kaya wa Kigogo wa zamani, apate kuwaona ng'ombe wake wakitoka na kuingia. Chukueni pembeni, alisema, mlangoni msiguse. Kisha akaenda zake kanisani.

Samadi ya pembeni ilijaza nusu ya tipa. Ile nene ilikuwa mlangoni. Lameck aliliona koleo likiinua kipande cha ngozi kavu, na ndani ya ngozi kitu cheupe. Akajiambia ni ngozi ya ng'ombe, zizi litakosaje ngozi ya ng'ombe? Akawaambia vibarua wapakie. Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa: alijua.

Na bustani ikaota. Ikashika kijani hata maharusi wakaja kupigia picha pale. Kina mama wa usafi wakapanda mchicha kandokando, na Lameck akawa anabeba mafungu nyumbani karibu kila siku.

Sasa jioni hii, alipokaribia, kilichomfikia kwanza kilikuwa harufu.

Ng'ombe.

Si harufu ya samadi iliyokauka. Ng'ombe wazima, wenye jasho, wametoka malishoni. Kisha moshi wa kinyesi kinachochomwa kufukuza mbu. Juu malori yalipita yakinguruma. Chini hapakuwa na mtu, isipokuwa Jenifa kwenye bembea, amempa mgongo. Lameck akamwita, hakugeuka.

Ngele... ngele... ngele...

Kengele za shingoni. Zilitoka kwenye nguzo, zilitoka kwenye nyasi, hakujua zilitoka wapi. Halafu sauti nyingine, nzito, ya kitu kinachoburutwa.

Kwaruuu... kwaruuu...

Aliyekulia kwenye ng'ombe haambiwi sauti ile ni ya nini. Ni matawi ya miiba yanayokokotwa kufunga mlango wa zizi.

Lameck akakimbia. Bustani ile ina upana wa hatua arobaini, yeye mwenyewe aliipima. Akakimbia zote, akajikuta ng'ambo, ukingoni mwa barabara, na bembea iko nyuma yake. Akageuka, akakimbia tena. Ukingoni tena. Mara ya tatu alitembea polepole, mkono ameunyoosha, macho hayabanduki kwa mtoto. Kidole kikachomwa. Akakitazama, kinatoka damu. Mbele yake hapakuwa na mwiba wala ukuta, nyasi tu, alizozipanda kwa mikono yake.

Bembea ikasimama. Jenifa akashuka. Alikuwa ameshikwa mkono na mtu ambaye Lameck aliona mgongo wake tu, umepinda, na kipande cha ngozi begani.

"Mbukwenyi, babu," Lameck alinong'ona, akimsalimu kwa Kigogo. "Nimekosa. Mwachie mtoto. Nichukue mimi."

Mgongo haukugeuka. Aliyejibu ni Jenifa, kwa sauti yake ile ile ya kila siku.

"Baba, babu anasema ulimleta mjini bila kumwuliza. Anasema magari yanapita juu ya kichwa chake, na hapa hana mtu wake."

Kwaruuu...

Giza likafunga. Bembea ilikuwa tupu.

Alimpigia simu shangazi Dorkasi. Shangazi hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, kama walichota mlangoni. Lameck akakiri.

"Irudishe," shangazi akasema.

"Imeshakuwa majani, shangazi. Imeshakuwa mchicha."

"Na mchicha?"

"Tumekula. Mtoto amekula."

Alimsikia akivuta pumzi ndefu, kisha akamsikia akilia taratibu, kama mtu aliyepata habari za msiba.

Alfajiri walimkuta Jenifa amelala kwenye nyasi, mzima, nywele zinanuka moshi, hakumbuki kitu. Violeth hakungoja kusikia zaidi. Asubuhi hiyo hiyo alimpandisha basi hadi kwa dada yake huko Kolo. Jua lilipozama, pumzi ya mtoto ikaanza kukatika, midomo ikawa ya kijivu, na hakuna aliyeona ugonjwa. Walikodi gari wakamrudisha, na kadiri walivyoikaribia Dodoma ndivyo pumzi ilivyomrudia. Lameck alichimba kona moja ya bustani kwa siku mbili akitafuta cha kurudisha. Alikuta mizizi tu.

Kwa hiyo sasa humpeleka mwenyewe bustanini, apate kupumua. Jua likishuka humshika mkono mpaka ukingo wa nyasi, humwachia, kisha hukaa kwenye jiwe la barabara mpaka kuche. Baba mzima, na hana la kufanya. Watu wanaopita humsifu kwa bustani nzuri, naye huitikia asante.

Mwanzoni mtoto alitoka anakimbia. Baadaye akawa anatembea. Wiki iliyopita aliacha kucheza na wenzake, akawa anazunguka uwanja mikono nyuma, anakagua kuku wa mama yake mmoja mmoja.

Leo alfajiri alitoka polepole, akasimama mbele ya Lameck, akamtazama. Alikuwa anangoja kitu. Lameck alitaka kumwita jina lake, alilompa mwenyewe siku alipozaliwa. Ulimi ukakataa. Akajikuta anainuka kwenye jiwe, anainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu," binti yake akaitikia.