Mchuaji wa Chumba cha Nyuma

Jimu ilinukia unga ulioumuka.

Hilo peke yake lingetosha kumrudisha nyumbani mtu mwenye akili zake. Kama hujawahi kuingia jimu, nikwambie: huwa inanuka jasho, mpira na soksi za watu wasio na aibu. Hii haikunuka hivyo. Ilinuka harufu tamu yenye uchachu, joto joto, kama beseni la unga lililofunikwa tangu jana. Sasa, Baba Tone alikuwa mwokaji wa mikate. Harufu hiyo alilala nayo na kuamka nayo, na mkewe alishamwambia mara nyingi kwamba hata jasho lake lina hamira. Basi akadhani ni yeye. Akajinusa kwapa palepale mlangoni, akacheka peke yake, akaingia.

Pua inayomlisha miaka yote, siku anayoihitaji ikamchekea.

Usimlaumu sana. Mgongo ulikuwa umemtesa. Aliinua gunia la unga kwa sifa, bila kuchuchumaa, kitu kikalia kiunoni "ka!", na tangu hapo akawa anatembea kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha. Tanuri lao lilikuwa uani, nyuma ya vyumba vyao viwili. Mama Tone akachukua kazi ya kukanda unga, yeye akabaki kusimamia moto na kugombana na kuni. Mikate haikukosekana. Kilichomkosesha raha ni binti yao.

Walimwita Tone kwa sababu alizaliwa kadogo kama tone la maji. Sasa alikuwa na miaka minne na mdomo wa mtu wa arobaini. Tangu ajue kutembea, babake hakuwahi kumbeba.

"Baba, kwani mimi mzito?"

"Si mzito, mama. Baba ndiye mbovu."

"Ukitengenezwa utanibeba mabegani?"

"Mpaka wewe mwenyewe useme basi."

Daktari akamwambia atafute jimu nzuri karibu na nyumbani, autie mgongo nguvu, halafu apate mtu wa kumchua misuli. Kusema ni rahisi. Jimu ya kwanza ilijaa vijana wanaojipiga picha kwenye kioo; mmoja alishika chuma muda wote bila kukiinua, akingoja mwanga ukae vizuri. Ya pili, mwalimu alimuuzia kopo la poda kabla hajamuuliza anaumwa wapi. Wachuaji nao, usiseme. Hotelini walitaja bei, Mama Tone akaguna mpaka kilemba kikalegea.

"Kwa bei hiyo akuchue wewe, anichue na mimi, amalizie na ukoo wangu wote."

Aliyemwokoa, tuseme alimwokoa, alikuwa Seremala, mteja wao wa kila asubuhi. Huyu naye alikuwa amepinda kama bawaba. Siku moja akaja kununua mkate amenyooka, mashavu yamejaa, anang'aa.

"Nenda nyuma ya karakana ya mageti," alisema. "Jimu safi, Kocha mstaarabu, halafu kwenye chumba cha nyuma kuna mama anachua kwa bei ya huu mkate ninaoubeba."

"Mkate mmoja?"

"Mmoja. Na mikono yake, ndugu yangu, utalia."

Na kweli jimu ilikuwa nzuri, hapo ndipo panapouma. Kocha alikuwa jitu la mabega mapana, sauti ya chini, hamkaripii mtu. Alimwanzisha na chuma chepesi kuliko gunia la pumba. Akamfundisha kuchuchumaa, kushusha pumzi, kuinuka kwa mapaja badala ya kiuno. Baba Tone alipompiga begani kumshukuru, bega lilibonyea kama mto wa sufi. Akashangaa kidogo, akasahau.

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ya kulalia yenye tundu la kuwekea uso. Ukilala kifudifudi unaona sakafu tu, na miguu ya anayekuchua. Miguu ilikuwa midogo, ndani ya ndala, imeingia weupe hadi kwenye vifundo kama iliyopita ndani ya unga.

Mikono ikaanza. Aliijua. Ilisukuma kwa kitako cha kiganja, ikakunja nyama kuirudisha, ikageuza robo, ikasukuma tena. Ndivyo yeye mwenyewe alivyofundishwa na babake kulitendea donge la unga juu ya ubao.

"Mama, uliwahi kuoka wewe?"

"Lala."

Alipomaliza alimfunika kwa kitambaa chenye unyevu, cha moto kiasi, kuanzia visigino hadi utosini. "Usitikisike. Upepo usikupate."

Baba Tone akacheka ndani ya kitambaa. "Hata mimi donge langu nalifunika hivihivi, liumuke."

"Najua," akasema yule mama.

Kabla ya kumruhusu aondoke, alimfinya katikati ya mabega, kipande kidogo, akavuta. Haikuuma. Alipogeuza shingo alimwona amempa mgongo, anaweka kitu ndani ya bakuli, anafunikia sahani. Akadhani ni maumivu yanatolewa. Watu wana njia zao. Akavaa shati, akainuka, na jamani, akainuka wima!

Alifika nyumbani anakimbia. Tone alikuwa uani anamchora kuku kwa mkaa ukutani. Hakumsalimu. Alichuchumaa kama alivyofundishwa, akamshika kwapani kwa mikono miwili, akamrusha mabegani. Uzito ule wa miguu miwili michafu kifuani mwake aliungoja miaka.

"Baba! Naona paa letu! Lina kiatu juu!"

"Cha nani?"

"Sijui! Zunguka tena!"

Mama Tone alitoka na unga hadi kwenye viwiko, akasimama, akajifuta macho kwa kanga akisingizia moshi, na tanuri lilikuwa limezimwa.

"Mikono ya huyo mama ikoje?" alimuuliza baadaye, jicho la pembeni.

"Kama yako ukinikasirikia."

"Basi nenda kila wiki, baba. Nenda."

Akaenda kila wiki. Kila aliporudi alimbeba Tone, akambeba na mkewe siku moja, akacheza naye uani huku majirani wakipiga vigelegele. Akajaa mwili. Mashati yakakataa vifungo. Mkewe akawa anamtania kwamba ameoa mtu mmoja, sasa analala na wawili.

Alasiri moja walikuwa wamejinyoosha mkekani. Mama Tone akamminya mkono kwa kidole.

"Unanenepa au unavimba wewe? Tazama, shimo halirudi. Aa, linarudi. Polepole."

Alicheka. Mumewe hakucheka. Kila siku ya maisha yake aliweka kidole kwenye unga kwa namna hiyohiyo. Shimo likirudi haraka, bado. Likirudi taratibu, umeiva kwa kuingia motoni. Kisha akasikia tumboni mwake sauti ndogo ndogo, puk, puk, ya viputo vinavyopanda na kupasuka, sauti anayoisikia akiinamia beseni.

Kesho yake akaenda kwenye kile chumba ili aulize. Ajabu ni kwamba hakuuliza. Mguu ulipogusa kizingiti, mwili wote ukalegea kwa hamu, akajikuta kifudifudi, uso tunduni, mikono ikasukuma, ikakunja, ikageuza, naye akawa anaona ile miguu myeupe chini ya meza akijipa moyo kwamba mwenye miguu ni mtu na mtu huulizika. Kisha ile miguu ikageuka, ikatembea taratibu hadi mlangoni, chap, chap, chap, akasikia kitasa, akasikia mlango ukifungwa kwa nje, na mikono ikaendelea kumchua, miwili kiunoni, halafu miwili mingine mapajani, halafu mmoja ukaja juu ya kisogo na kumkandamiza kwa upole, upole wa mtu asiyetaka kuharibu kazi yake, na chini ya meza palikuwa na sakafu tupu.

Hakujua alivyotoka. Alijikuta kwenye ukumbi wa vyuma bila shati. Kocha alikuwa ameketi kwenye benchi, amejiinamia, uso umegeuka rangi ya kahawia inayong'aa. Joto lake ulilisikia ukiwa hatua kadhaa.

"Kocha," alinong'ona, "una homa."

"Nasikia joto tu." Alizungumza taratibu, kwa raha. "Tangu asubuhi. Jasho halitoki."

"Yule mama ni nani?"

"Sijawahi kumwona uso. Wewe?"

Baba Tone akajaribu kukumbuka uso, akapata mgongo na bakuli, na kile kipande alichofinywa kimefunikwa humo kama chachu ya kukandia kesho.

"Kocha, twende. Inuka twende. Hapa wanatufanya... wanatuandaa. Kinachofuata ni nini?"

Kocha akamtazama kwa huruma.

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye mwokaji?"

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka kidogo. Hakuna aliyeita. Kocha akainuka kama mtoto aliyeitwa kula, akaingia, na mlango ukarudi mahali pake. Baba Tone alikimbia hadi kwao kifua wazi. Alipopita kwa Seremala alikuta karakana yake imefungwa, na mke wa Seremala yuko kizingitini, anawaambia watu kwamba homa ilimpanda mumewe mchana, akaenda kujilaza, na kitandani amekuta shuka tu, shuka moto.

Tangu siku hiyo tanuri halikuwashwa. Mama Tone akauliza huku na huku, akamleta mganga.

Usimfikirie mganga wa manyoya na vibuyu. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mkoba mweusi na haraka zake, aliyekataa kiti. Alimbonyeza Baba Tone mkono, akangoja shimo lirudi. Akamnusa shingoni. Akafunga mkoba ambao hakuwa ametoa kitu ndani yake.

"Mtoe huyo mdudu, dada," Mama Tone alisema. "Tutakupa chochote."

"Nimtoe nani? Jini aliyempanda mtu namteremsha, hiyo ndiyo kazi yangu. Huyu hakupandwa. Amechanganywa." Akamgeukia mwanamume. "Kaka, wewe ni fundi wa mikate. Chachu ikishaingia kwenye unga, ikakandwa, ikalala, unaitoaje?"

Baba Tone akafungua mdomo. Alitafuta. Alipita kichwani mwake kwenye kila beseni alilowahi kuliinamia, yake na ya babake, akitafuta njia hata moja, na mkewe akimtazama midomo kama anayengoja hukumu.

"Haitoki," akasema.

"Ndiyo hivyo."

"Sasa?"

"Sasa usiugue. Homa ndiyo moto wa hao wanaokanda watu. Mtu akishapata joto, wenyewe huja kuchukua chao."

"Usiugue!" Mama Tone akapiga makofi kwa uchungu. "Mtu anaambiwa asiugue! Kuna mtu anajizuia kuugua?"

 Mganga aliwatazama wote wawili, akashusha sauti.

"Chachu husambaa kwa kushikana. Tangu uanze kuchuliwa, umemshika nani?"

 Mama Tone aliyatazama mabega ya mumewe, kisha akatazama viganja vyake mwenyewe, kisha akatazama mlango wa uani, ambako Tone alisikika akimfokea kuku. Mganga akatoka. Walimpa mkono wa kumuaga, hakuupokea. Walimpa ujira, hakuupokea. Kwenye bomba la uani alinawa hadi kwenye viwiko, akanawa tena, akaenda zake bila kugeuka.

Wakakaa. Baba Tone alisema ataondoka, aende mbali, asimguse mtu tena. Mama Tone akamuuliza aende wapi, na kwa faida ya nani, kwa sababu ameshamshika kila aliyempenda. Hakusema kwa kumlaumu. Ingekuwa afadhali angesema kwa kumlaumu.

Ndipo Tone akaingia. Alisimama mlangoni, kichwa amekiinamisha, mashavu yamejaa na kung'aa kwa rangi nzuri ya dhahabu. Nje kulikuwa na baridi, mawingu yamefunga.

"Baba, nibebe. Nasikia joto."

Afanye nini? Aliinuka, akachuchumaa vizuri, mgongo umenyooka, akamnyanyua. Akakaribia kumrusha juu bila kukusudia, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi, mkubwa machoni na mwepesi mikononi. Mama Tone alikuwa ameshafungua madirisha yote, ameshaloweka kanga, anampepea mtoto kwa sinia la mikate huku akisema poa mama, poa mama, poa, na maji yaliyomgusa Tone pajani yakakauka yakitoa sauti, na pale chumbani ikapanda ile harufu ambayo kila alfajiri huwatoa watu vitandani, nzuri, tamu, ya ganda linaloanza kushika rangi. Baba Tone akaziba pua yake begani mwa mtoto, na huko ndiko ilikokuwa kali zaidi.

Ng'ambo ya ukuta jirani aliweka ndoo chini, akavuta pumzi kwa nguvu.

"Mama Tone wee!" aliita kwa furaha. "Kumbe mmeanza tena kuoka! Niwekeeni mmoja, ukiwa wa moto hivyohivyo!"