Mama wa Damu

Siku ile mjinga alikuwa Methusela, na hadi leo mwenyewe hakatai.

Ulikuwa mwaka ambao maduka ya kijiji cha Haneti yalijaa tena sabuni na betri. Methusela alikuwa akipura mtama uani mkewe Zipora alipomwita.

"Baba Gladness, hebu njoo umwone mtoto."

Binti yao Gladness alikuwa na homa tangu juma lililopita. Walimpa vidonge vya dukani, wakangoja. Sasa alilia bila kukoma, akihema kama mtu aliyekimbia, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga.

Lori la mizigo liliwafikisha mjini. Hospitalini, muuguzi Lydia aliwapima damu wote, akarudi bila tabasamu.

"Malaria imemmaliza damu. Lazima aongezewe leo hii, na akiba hatuna. Yako, Baba Gladness, ni salama na inamfaa. Mama amejifungua juzi tu, yeye hatumgusi."

Methusela alimtazama mwanawe. Alimpenda, Mungu anajua. Lakini kaka yake Batholomeo alimfundisha tangu utotoni kwamba mwanaume hupewa damu mara moja tu. Ikitoka, hairudi.

"Nikipungua mimi, sista, nani atalima?"

Zipora alishika mguu wa mtoto, mguu wa baridi.

"Umewahi kupasua mfupa wa ng'ombe?" Lydia aliuliza.

"Mimi, Mgogo? Uloto nimeufyonza kabla sijaota meno!"

"Basi hata mifupa yako ina uloto. Mwili wote umejengwa kwa seli, chembe ndogo usizoweza kuziona kwa macho. Ndani ya uloto zimo seli mama. Hizo bado hazijawa damu. Zinagawanyika. Baadhi hubaki mama, nyingine hukua zikawa damu: nyekundu za kubeba hewa, nyeupe za kupigana na magonjwa, na vipande vidogo vya kuziba jeraha. Nyekundu huishi miezi kama minne, basi, zinakufa. Zile ulizolimia mwaka jana hazipo tena. Umejiona umepungua?"

Methusela alifikiri. Kisha uso ukang'aa.

"Seli mama! Sasa sista, mimi baba nitazitoa wapi? Hiyo kazi ya wanawake. Tumngoje mama apate nguvu."

Bibi wa kitanda cha pili akaangua kicheko ndani ya khanga yake. Lydia hakucheka. Alikuwa akisikiliza pumzi za Gladness.

"Ni jina tu, Baba Gladness. Wengine huziita seli shina. Tunasema mama kwa sababu zinazaa nyingine. Wanaume mnazo kama sisi."

Aibu ilimpanda Methusela. Akainua kidole chake kilichokatwa nusu na shoka.

"Kama zinazaa, mbona hiki hakikuota?"

"Umeuliza vizuri. Mimba ikiwa changa kabisa, seli zake zaweza kuwa kitu chochote: mfupa, moyo, ngozi. Baadaye kila moja inashika njia yake. Hizi za uloto zimeshika njia ya damu. Kidole haziwezi. Damu zinaiweza, na hazichoki."

"Na mtoto hana zake?"

"Anazo. Lakini malaria inaua damu upesi kuliko inavyozaliwa. Yako itamvusha mpaka dawa ifanye kazi. Wewe maji ya damu yatarudi kesho, keshokutwa. Seli nyekundu, wiki chache. Kula maharage, mboga za majani, na nyama ukipata."

Kitandani, Gladness aliacha kulia. Ukimya ule ulimtisha Methusela kuliko kilio chote. Akakunja mkono wa shati.

"Toa, sista. Toa upesi."

Wiki chache baadaye, mtama ulikuwa ghalani, na aliyeupura wote ni Methusela. Kitoto kichanga kilipopata homa, hawakupita dukani. Walikwenda zahanati siku ileile.

Batholomeo alikuja kumwona mdogo wake. Alimkagua kama ng'ombe wa mnadani.

"Kwa hiyo umekwenda kumwaga damu yako mjini. Imepotea hiyo, bwana. Sasa wewe ni nusu mtu."

Methusela alifungua mdomo ajibu. Zipora akamtangulia, huku akinyoosha kidole uani, ambako Gladness alikuwa akipiga kelele nyuma ya mbuzi.

"Haijapotea, shemeji. Ile pale inakimbiza mbuzi. Na yako uliyoibania, imemponya nani?"